Hela ya taka inafuatwa kila mwezi, taka zenyewe leo siku ya 16 zipo tu

Baba_Kulwa

Wakuu, habari za usiku.

Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite. Mtaa siutaji kwa sababu mwenyekiti ni jirani yangu wa ukuta mmoja na mke wake hutukopesha sukari. Niseme tu ni Dar, upande ambao lami inaishia kituoni.

Leo ni siku ya 16 gari la taka halijaingia kwetu. Sikisii. Tangu Januari naweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Ratiba tuliyopewa ni Jumanne na Ijumaa. Mpaka leo zimepita Jumanne na Ijumaa 24, na gari limekuja mara 7.

Sasa kuna binti wa mashine. Huyo hajawahi kukosa hata mwezi mmoja. Tarehe 3, saa 2 asubuhi, yupo getini. "Shikamoo baba, hela ya taka." Ana kitambulisho shingoni na kimashine chake kinachotema risiti. Mpole, ana adabu, sina ugomvi naye. Ukimuuliza gari liko wapi anakwambia, "Mimi nahusika na makusanyo, baba." Nampa 5,000 yake, naweka risiti kwenye droo. Karatasi yenyewe ni ile inayofifia. Ya Januari saa hizi ni nyeupe pee.

Halafu masharti. Taka zikae kwenye chombo chenye mfuniko. Usitoe nje ya geti mpaka gari lifike. Usichome. Usifukie. Usimpe mtu ambaye hajasajiliwa. Ukikosea lolote hapo, faini 50,000. Na gari lenyewe likiamua kuja linapiga honi mbili, linasimama dakika tatu hazifiki, na linakuja saa 5 asubuhi. Muda huo mimi nipo kazini, mama Kulwa yupo sokoni, nyumbani yupo bibi mwenye goti bovu. Bibi anapofika getini, gari limeshakata kona.

Siku ya 12 salfeti mbili zikawa zimejaa. Maganda ya ndizi, vichwa vya samaki, pampasi za mtoto wa shemeji. Funza wakaanza kupanda ukuta wa choo cha nje. Wanakwenda kwa mstari, wakuu, kama wana safari yao. Akapita kijana wa guta: "Bosi, buku mbili nakuondolea zote." Nikampa. Sikumuuliza anazipeleka wapi. Hapo ndipo nilipokosea, na nakiri mapema kabla hamjaanza kunipiga mawe.

Kesho yake jioni wakaja watu watatu, bwana afya na mgambo wawili. Mgambo mmoja ameshika daftari kwa vidole viwili, limelowa. Daftari la hisabati la Kulwa, darasa la 3B, jina la mtoto na la kwangu yapo juu ya jalada. Kumbe yule kijana alizimwaga mtaroni nyuma ya gereji, hata mita 200 kutoka kwangu hazifiki. Wamechakura wakalikuta. Ukurasa wa juu Kulwa kapata 4 kati ya 10, mwalimu kaandika "Ongeza bidii". Bwana afya akausoma kwa sauti, majirani wapo.

50,000. Nikatoa risiti, nikamletea na kalenda. Akaitazama, akasema: "Suala la gari ni la mzabuni. Mimi nimekuja kwa suala la daftari."

Nikaenda ofisi ya mtaa kusoma lile tangazo la usafi. Lina vipengele 11. Vyote 11 vinaanza na "Ni marufuku kwa mkazi". Nimetafuta kimoja tu kinachosema gari lisipokuja nani anapigwa faini. Hakipo.

Nimepewa siku 7, zimebaki 4. Nilipe au nikatae? Na kwenu huko hali ikoje?

Kiti_cha_Mbele

"Wanakwenda kwa mstari kama wana safari yao" 😂😂

Pole mkuu. Msalimie Kulwa, mwambie mtaa mzima unamwombea kwenye hisabati.

MamaNaima

Baba Kulwa, umeongea vizuri ila umesema "mama Kulwa yupo sokoni" kama vile siku akiwepo kazi inakwisha. Ngoja nikwambie anayekuwepo anapitia nini.

Mimi nauza vitafunwa nyumbani, kwa hiyo honi naisikia. Nikiisikia nipo na unga mikononi. Naacha mafuta jikoni, namfokea mtoto asisogee, nabeba salfeti kichwani kwa sababu kuiburuta inapasuka. Yale maji ya chini unayajua? Meusi, yana harufu ya kitu kilichokufa. Yananichuruzika mgongoni hadi kwenye kanga. Nafika nahema, kijana wa juu ya gari anapima kwa macho: "Mama hii nzito, ongeza mia tano." Nimelipa ya mwezi! "Hiyo ni ya kampuni, hii ni ya mgongo wangu."

Na salfeti siku hizi ni mali. Zamani rambo za plastiki zilikuwa bure, unafunga unatupa. Tangu zipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, sawa, mitaro imepumua, siwezi kukataa. Lakini salfeti unanunua, na wakishamwaga wanairusha chini imepasuka au wanaondoka nayo. Nimeanza kuziandika jina kama sare za shule.

MtuWaKanuni

Naomba nitofautiane na wengi. Mleta uzi kampa taka mtu asiyemjua, kwa bei ambayo haiwezi kufikisha mzigo popote, halafu analalamika. Guta inakwenda dampo la Pugu kwa buku mbili? Ulijua zinamwagwa, ila ulitaka zimwagwe mbali na macho yako. Lipa faini.

Bonde_la_Msimbazi

@MtuWaKanuni nakazia.

Ninyi mnaokaa juu mnazungumzia harufu. Sisi wa bondeni, mvua ikishika saa mbili tu tunapokea vitu vyenu vyote. Chupa, pampasi, magodoro, siku moja limekuja kabati zima na milango yake. Mtaro ukiziba darajani maji yanatafuta njia, na njia yenyewe ni sebuleni kwangu. Kuna watu mawingu yakijikusanya tu wanatoa salfeti wanasubiri mvua ije iwabebee. Jirani yenu yupo, mnamjua, mnamwangalia.

Daftari la Kulwa lingenifikia mimi, mkuu. Ningelisoma pia.

Baba_Kulwa

@Bonde_la_Msimbazi hilo nalipokea bila ubishi. Ila niambie, siku ya 12, funza ukutani, mtoto mchanga ndani, wewe ungefanya nini?

Bonde_la_Msimbazi

Ningefanya ulichofanya wewe. Ndiyo maana nina hasira.

UtingoMstaafu

Nilikuwa sijapanga kuandika ila nimeona watu wanawasema vijana wa juu ya gari. Nimekaa juu ya gari la taka miaka minne. Niwape picha.

Gari letu lilikuwa tipa chakavu, turubai lenye matundu, watu watano pamoja na dereva. Tunaanza saa 12 asubuhi. Mitaa kumi na kitu kwenye ratiba. Mtaa wa tano gari limejaa. Siyo taka nyepesi za kwenye sinema. Taka za Dar ni maji. Maganda, mabaki ya ugali, vifuu, matikiti. Na mchanga! Watu wanafagia uwanja asubuhi, mchanga wote wanaujaza kwenye salfeti. Mnanunuliwa dizeli ya kusafirisha mchanga kwenda Pugu, wakuu. Fagieni majani, mchanga uacheni hapo ulipo.

Gari likijaa, dampo ni moja, Pugu Kinyamwezi. Kutoka katikati ya jiji ni zaidi ya kilomita 30. Foleni ya Barabara ya Nyerere mnaijua. Ukifika kuna foleni nyingine ya kuingia, unapimwa, unamwaga. Masika kule juu ni tope la taka juu ya taka, gari likizama mnasubiri kuvutwa. Mkitoka kule ni saa 9 au 10 jioni. Safari ya pili ya nini? Dizeli haipo na dereva amechoka. Kwa hiyo mitaa mitano ya mwanzo imezolewa, ya mwisho imekula kwao. Kesho inaanza ratiba ya upande mwingine.

Sasa siri. Dereva huanza upande uleule kila siku, upande wa lami. Mtaa wa mwisho kwenye karatasi unakuwa wa mwisho mwaka mzima. Baba Kulwa, nina uhakika ninyi ndiyo mkia. Mwambieni mwenyekiti wenu asiombe "gari lije". Aombe njia igeuzwe, wiki hii waanzie juu, wiki ijayo waanzie chini. Hiyo haihitaji hata lita moja ya ziada. Kuna mtaa mmoja mwenyekiti wao aling'ang'ana hivyo hadi akafanikiwa.

Kuhusu mia tano, sitetei. Lakini glavu nilipewa jozi moja, ikatoboka, nikanunua nyingine kwa hela yangu. Nina kovu la chupa kiganjani, mtu kavunja glasi akaitupia ndani ya pampasi. Tulichokuwa tunategemea ni chupa za plastiki, makopo na maboksi, tunachambua hukohuko juu gari likitembea, jioni tunauza kwa kilo. Hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha jioni. Mshahara ulikuwa unakuja kama gari linavyokuja kwenu.

Kiti_cha_Mbele

"Mshahara ulikuwa unakuja kama gari linavyokuja kwenu." Mods pandisheni huyu mtu cheo.

Wakili_wa_Uchochoroni

Niingie kwenye swali la faini, kwa sababu hapa watu wanalipa vitu wasivyovielewa.

Halmashauri inapata mamlaka ya kutunga sheria ndogo kutoka Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Faini ya papo kwa papo kwa kawaida siyo hukumu. Inaitwa kufifilisha kosa. Maana yake wewe unakiri kosa kwa maandishi, unalipa, suala linaishia hapo bila kwenda mahakamani. Neno la msingi ni unakiri. Hukiri, hawawezi kukufifilishia. Wakupeleke mahakamani wakathibitishe. Watu wengi wanasaini ile fomu wakidhani wanasaini kupokea barua.

Kwa hiyo, mleta uzi, mwombe afisa vitu vitatu. Namba ya kifungu unachodaiwa kuvunja. Fomu yenyewe uisome kabla ya kalamu. Na namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99. Akikwambia "nipe mkononi nitakulipia", hiyo siyo faini tena.

Daftari ni ushahidi kwamba taka ni zako. Kwamba wewe ndiye uliyezimwaga ni jambo lingine. Sikwambii utashinda, kwa sababu kumpa taka mtu asiyesajiliwa kunaweza kuwa kosa lenyewe, na umelikiri mbele ya jamvi zima 🙂. Lakini kuna upande wa pili unaosahaulika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka wajibu wa taka ngumu kwa mamlaka za serikali za mitaa. Mzabuni ni mkono wao tu. Na kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. "Suala la gari ni la mzabuni" siyo jibu la kisheria, ni jibu la dirishani.

Ile kalenda ya jikoni itunze. Risiti zipige picha leo hii kabla hazijafifia zote.

Mzee_wa_Busati

Vijana, mnaongea kama kwamba Jiji kushitakiwa kwa sababu ya taka ni ndoto. Lilishitakiwa, na likashindwa.

Dampo lilikuwa Tabata. Moshi usiku na mchana, nzi, harufu hadi kwenye chai. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu wakalishitaki Jiji, wakapata amri. Jiji likaomba muda. Likaomba tena. Baadaye likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na huko nako mwaka 1991 wakajitokeza watu 795, mmoja mbele na 794 nyuma yake, wakafungua kesi. Nako wakashinda. Yakafuata ya Vingunguti, ikaja Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Ndiyo maana huyo utingo alikuwa anasafiri kilomita 30: kila mahali palipokuwa karibu, watu walikataa. Na walikuwa na haki.

Hizi kampuni za kuzoa nazo siyo za jana. Zilianza kupewa kazi mwaka 1994, kwa kuanzia na kata za katikati. Kabla ya hapo lilikuwa gari la Jiji, hulipii kitu, na halikuwa linakuja. Sasa unalipa na halikuji. Maendeleo.

Kijani_Kibichi

Tatizo la msingi ni kuchanganya. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani hapa kwetu ni mabaki ya chakula na maganda. Ukiyatenga, unabaki na kapu moja la vitu vikavu visivyonuka hata vikikaa mwezi. Maganda unachimba shimo unatengeneza mboji, au unafuga funza wa nzi weusi unalisha kuku. Wale funza wa Baba Kulwa wengine wanawafuga kwa biashara.

Mpangaji_Chumba_na_Sebule

@Kijani_Kibichi nyumba yetu tupo wapangaji saba, uwanja ni zege, choo kimoja. Shimo la mboji nichimbe chini ya kitanda?

Kijani_Kibichi

Ndoo mbili, zenye tundu. Nitakutumia picha.

Mpangaji_Chumba_na_Sebule

Mwenye nyumba wangu alinikataza hata kuanika dagaa, mkuu. Nikimletea ndoo ya funza naamkia stendi.

Mchaga_wa_Mjini

Njooni Moshi mjifunze. Ukitupa ganda la muwa chini kuna mtu atakutokea hujui katoka wapi. Wageni huwa wanadhani ni utani mpaka waandikiwe.

UtingoMstaafu

Moshi mji mzima unaingia kwenye wilaya yetu moja, mkuu. Tusilinganishe.

Mchaga_wa_Mjini

Visingizio.

Mvita_Halisi

Hamjambo ndugu wa Bara. Sisi huku Mombasa mtu akivuka Makupa zamani alikuwa akikaribishwa na Kibarani, jaa la taka limeegemea bahari, moshi wafuka, kunguru wameenea. Wageni washuka na mabegi yao na hiyo ndiyo salamu ya kwanza. Sasa pale pamefungwa, pamepandwa nyasi na miti, taka zaenda Mwakirunge. Pamependeza, wallahi. Ila huko mitaani, kazi ya nyumba kwa nyumba yafanywa na vijana wa mkokoteni, nao wakishajaza wamwaga pale penye kontena la kaunti, na kontena likishajaa wamwaga kando yake. Kando ya kontena ndiyo jaa jipya.

Na kwa mifuko ya plastiki mwatuchezea nyie. Kwenu faini ya mtu mmoja yaanzia elfu 30 ya Tanzania. Kwetu tangu Agosti 2017 yaanzia milioni 2 hadi 4, pesa za Kenya! Kwa mfuko! Na bado utauona ukipeperuka.

Dada_wa_Majuu

Salamu kutoka Uingereza kwenye baridi. Nimecheka sana kwenye "vipengele 11", kwa sababu hapa ninapoishi gari linakuja kweli, ila masharti yake yatakutoa kijasho.

Nyumba ina mapipa matatu ya magurudumu, kila moja na rangi yake, na rangi zenyewe zinabadilika ukihamia mji wa jirani. La karatasi na makopo wiki hii, la taka za kawaida wiki ijayo. Ukikosea wiki, umekula hasara ya wiki mbili. Mfuniko lazima ufunge kabisa. Mara yangu ya kwanza nilijaza ukabaki wazi kama kiganja hivi, nikaamka nikakuta la jirani limezolewa, langu limebandikwa karatasi: mfuniko haukufungwa. Nikaita kwa dirisha, jamaa kashaondoka. Siku nyingine nimeweka chupa bila kuisuuza, karatasi nyingine. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga, akaniona nasuuza kopo la maharage kwa maji ya moto ili nilitupe. Hakusema kitu, aliniangalia tu.

Lakini msidhani ni peponi. Birmingham mwaka 2025 wazoa taka waligoma moja kwa moja kuanzia Machi, mwisho wa mwezi zikawa zimelala barabarani tani 17,000, panya wanapishana na watu. Tajiri akikosa gari wiki tatu anafanana na sisi kabisa.

MtuWaKanuni

Unaona? Masharti makali, na gari linakuja. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

MamaNaima

@MtuWaKanuni hapo umesema kweli bila kukusudia. Vyote viwili. Sisi tuna kimoja.

Fundi_Hesabu

Pendekezo. Ada ya mwezi ifutwe. Tulipe kwa safari. Gari likija, mtu anapokea salfeti, unalipa 700 hapohapo kwa simu. Halikuja, hulipi. Mzabuni ataamka saa 10 alfajiri mwenyewe.

UtingoMstaafu

Umefikiria vizuri ila hujafika mwisho. Siku ya gari, nusu ya nyumba zitakaa kimya, geti limefungwa, taa imezimwa. Wataweka kwenye salfeti ya jirani usiku, au watasubiri mvua. Hata hiyo ya mwezi watu hawalipi. Kuna nyumba ina wapangaji tisa inalipa kaya moja. Dizeli ya gari lote inabebwa na akina Baba Kulwa wachache.

Fundi_Hesabu

Basi ibaki ya mwezi, ila ikatwe. Ratiba ni mara 8 kwa mwezi. Imekuja mara 2, nalipa robo. Yule binti ana mashine, mashine haishindwi kuandika 1,250.

Bonde_la_Msimbazi

Hii ndiyo naiunga mkono. Hapo kila mtu atakuwa na kalenda jikoni.

Wakili_wa_Uchochoroni

Mkataba wa mzabuni na halmashauri kwa kawaida huwa na ratiba ndani yake. Hakuna kinachowazuia wakazi kuuomba usomwe kwenye mkutano wa mtaa. Watu huwa hawaombi, wanakwenda mkutanoni kusikiliza matangazo.

Baba_Kulwa

Wakuu nimerudi, siku tano baadaye. Samahani kwa ukimya, nina mrejesho.

Juzi ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usafi. Maduka yamefungwa hadi saa 4 kama kawaida, tukatoka na majembe. Mwenyekiti akasema tuanze na ule mtaro nyuma ya gereji, nadhani alitaka watu wauone kama funzo. Tukaingia watu kama ishirini. Kijana mmoja akavuta salfeti kutoka kwenye tope, akaimwaga, ikatoka bahasha nyeupe kubwa, ya kadi ya mchango wa harusi. Imeandikwa kwa mkono mzuri kabisa: "Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa na Mama".

Hakuna aliyecheka mara moja. Tulisubiri kama sekunde tano hivi.

Kumbe yule kijana wa guta alipitia nyumba zote za mstari wetu siku ile, na mwenyekiti naye alikuwa ametoa buku mbili. Bwana afya alikuwepo, amesimama na daftari lake la kazi. Akaichukua ile bahasha, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akasema tuendelee na kazi.

Leo Jumatatu nimekwenda ofisini na kalenda, picha za risiti, na maswali matatu ya Wakili. Nilipofika kwenye namba ya kifungu, dada wa mapokezi akaniambia faili langu halionekani, nitapigiwa simu. Sijapigiwa.

Kiti_cha_Mbele

Hii chai tamu mno, nani kaweka iliki? 😂

Baba_Kulwa

Picha ya mtaro ipo, bahasha sina, unajua iko wapi.

Na lile la kugeuza njia nilimwambia mwenyekiti Jumamosi ileile jioni, alikuwa mnyenyekevu kuliko nilivyowahi kumwona. Kapiga simu mbele yangu. Jana usiku saa 5 na dakika 20 nasikia honi mbili. Nimetoka na bukta, bibi nyuma yangu na ndoo, mtaa mzima nje na tochi za simu. Dereva anasema wameanza na sisi. Usiku huo! Lakini wameanza na sisi.

UtingoMstaafu

Saa 5 usiku maana yake gari lilikuwa bovu mchana kutwa. Lakini sawa. Andika kwenye kalenda.

Baba_Kulwa

Nimeandika, ya 8. Sasa kipengele cha kwanza bado kinanidai, chombo chenye mfuniko. Madukani pipa ni bei ya faini yenyewe. Mwenye kujua yanakouzwa mapipa ya plastiki yaliyotumika, lita 100 hivi, mfuniko uwepo na usiwe umepasuka, aniambie bei. Yaliyowekwa kemikali hapana, bibi anapenda kugeuza kila kitu kuwa cha maji.

MamaNaima

Mimi ninalo moja lilikuwa la unga. 15,000, na mfuniko wake. Uje na mtu wa kukusaidia kubeba, siyo guta.